Pale Kitenge Kilipoishia

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa hili: kwa miezi tisa nilimtibu shangazi yangu goti bila kuangalia nyonga yake. Si kwamba nilisahau kuwa nyonga ipo. Niliishia pale kitenge chake kilipoishia, vidole viwili juu ya goti, kwa sababu alikuwa dada wa baba yangu na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na mikono yangu ilikataa kupita hapo. Kwenye daftari sikuandika kwamba ilikataa. Niliandika: "Nyonga: kawaida."

Sikusomea kazi hii. Matokeo yangu ya kidato cha sita hayakunifikisha chuoni, nikapata nafasi ya mhudumu katika chumba cha fiziotherapia cha hospitali moja ya Bukoba. Nilifua taulo, nikafuta vitanda, nikasukuma viti vya magurudumu. Mtaalamu alikuwa mmoja tu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita madamu. Kwenye kabati lake kulikuwa na kitabu kinene kilichopoteza jalada. Nilimwomba nikisome, akasema nisome, ila nisikitoe nje wala nisikisogezee chai. Nikakisoma chote. Nilikaa chumbani kwangu Rwamishenye nikichora mifupa kwa penseli, na mchoro ukitoka upande mmoja mfupi nilichana karatasi nikaanza upya. Nilikuwa najua jina la kila msuli wa paja kwa Kiingereza kabla sijajua mgonjwa wa Muleba anausemaje.

Madamu aliniruhusu kuwahesabia wagonjwa mazoezi. "Wewe hesabu," alisema. "Kugusa bado."

Nami nilihesabu. Lakini jioni nilikuwa natazama video kwenye simu, mikono ya wataalamu wa nchi za mbali ikigeuza miguu ya watu, na nilijiona niko tayari. Nilitengeneza kipimo changu mwenyewe: rula mbili za plastiki nilizoziunganisha kwa msumari mdogo, na katikati kipimapembe cha mkebe wangu wa hesabu wa sekondari. Nilikifuta kwa spiriti kila siku ingawa hakikuwa kimemgusa mtu yeyote.

Wa kwanza kuguswa nacho alikuwa shangazi.

Anaishi Nshamba, ni mjane, na kibanja chake kinateremka nyuma ya nyumba, migomba juu, kahawa chini. Alikuwa amenipigia simu. Goti la kulia lilikuwa linamuuma akishuka kibanjani na akiinuka kutoka kwenye kigoda. Hospitali hakutaka kwenda. "Nina mtoto hospitali," aliwaambia majirani, "niende kupanga foleni kwa nini?" Mtoto huyo wa hospitali alikuwa mimi, mfua taulo. Sikumsahihisha.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Nilimkuta ametandika mkeka ukumbini, amefunga kitenge kipya kama mtu anayesubiri padri. Mkamwana wake, mke wa mwanawe anayeishi naye, alikuwa mlangoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa. Umekonda. Hiyo hospitali inatibu wagonjwa tu, wafanyakazi haiwalishi?"

Nilimuuliza anataka nini, maana kitabu kilisema mwulize mgonjwa anataka kufanya nini akipona. Nilitegemea aseme kulima. Hakusema kulima.

"Dada yangu wa Nyanga anaumwa," alisema. "Unajua. Akitangulia, nataka nikae chini."

Nilimwelewa. Kwetu mtu akifa, wanawake hukaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, karibu na maiti, na baada ya maziko huendelea kukaa hapo siku kadhaa, wanasali, wanalia, wanasinzia, wanaamka. Ndugu wa tumbo moja hukaa katikati. Anayekalia kiti ni mgeni aliyekuja kutoa pole na kuondoka. Shangazi na dada yake walikuwa wamebaki wawili kati ya saba, na hao watano wote, baba yangu akiwemo, shangazi aliwakalia chini. Nikaandika kwenye daftari, chini ya neno Lengo, kwa mwandiko wangu bora: "Kukaa chini kwenye nyasi na kuinuka mwenyewe."

Nikamlaza kwenye mkeka. Akavuta kitenge mpaka juu kidogo ya goti, akakishikilia hapo kwa ngumi. Nikatoa rula zangu.

"Hii ni nini? Unapima goti au unapima kibanja?"

"Goti, shangazi. Naangalia linakunja kiasi gani."

"Usije ukaniwekea mpaka kwenye mguu, ndugu wa marehemu waje kugombania."

Mkamwana alicheka hadi kisu kikaanguka. Mimi sikucheka, nilikuwa naogopa rula zisiteleze. Goti lilikunja nyuzi mia moja na kumi na mbili. Nikaandika. Nikaangalia uvimbe, nikaandika. Nikabonyeza pembeni mwa goti, nikaandika. Ukurasa wangu ulikuwa na nafasi kumi na moja nilizochora kwa rula kufuata kitabu, na ya kumi ilikuwa nyonga. Kitabu kilisema waziwazi: mgonjwa akilalamika goti, angalia na nyonga, kwa sababu nyonga huweza kuumwa na maumivu yakasikika gotini. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari mwekundu. Ningeweza kuisema kwa kichwa.

"Shangazi," nilisema, "na nyonga je?"

"Nyonga?" Aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Nyonga ya shangazi yako unaitafutia nini wewe?"

Mkamwana alicheka tena. Shangazi naye akacheka, bila ubaya, kama mtu anayemrudisha mtoto aliyekosea njia. Masikio yangu yaliwaka moto. Ningeweza kumwomba mkamwana aje akae pembeni yetu, nikaeleza ninachotaka kufanya na kwa nini. Kugeuza mguu ndani na nje juu ya kitenge kungechukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha maji. Sikufanya hivyo. Lakini pia sikuweza kuiacha nafasi ya kumi tupu, kwa sababu mimi nafasi tupu kwenye ukurasa hunikosesha usingizi. Nikaijaza. Kawaida.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda Nshamba kila Jumamosi ya pili. Nilimfundisha kunyoosha goti, kulikunja, kukaza paja, kupanda na kushuka jiwe la mlangoni mara thelathini kwa kila mguu. Na goti likatii. Mia na kumi na nane. Mia ishirini na mbili. Mia ishirini na sita. Nilichora mstari unaopanda kwenye karatasi ya miraba, nikaubandika ukutani kwangu Rwamishenye, na asubuhi kabla ya kwenda kazini niliutazama kama wenzangu wanavyotazama picha za wachumba zao.

Wakati mstari unapanda, shangazi alianza kuchechemea. Kisha akaanza kutembea na fimbo. Kisha akaacha kushuka kibanjani, na kahawa ikachumwa na watu wengine.

Niliona kila kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kutojua. Niliona kwamba akiinuka hashiki goti, anashika juu, mbele ya paja, pale mguu unapoungana na mwili. Niliandika: "Anashika paja." Mkamwana aliniambia, "Siku hizi kucha za miguu namkata mimi. Mguu wa kulia haufikii." Niliandika: "Kucha." Kuvaa kiatu alikuwa anakitupa chini na kukifukuza kwa kidole mpaka kiingie. Hata hilo niliandika. Ukisoma daftari lile leo, ugonjwa umeandikwa pale kwa mwandiko mzuri, ukurasa baada ya ukurasa, na aliyeandika hakuusoma.

Mwezi wa saba nilimkasirikia. Goti lilikuwa limefika mia moja thelathini na moja na yeye alikuwa ameanza kulala mchana kwa sababu usiku maumivu yalimwamsha. Hesabu zangu hazikukubaliana naye, na nikaamua mwenye kosa ni yeye.

"Shangazi, mazoezi hufanyi."

"Nafanya."

"Ungekuwa unafanya ungeshapona. Goti zima hili. Huu sasa ni uvivu."

Sikuwahi kumwambia mtu mzima neno hilo. Mkamwana aliinua macho, akayashusha. Shangazi alisimama, akaenda hadi mlangoni, akashika mwimo kwa mkono wa kushoto, akaanza kupanda jiwe na kushuka. Kwa mguu wa kulia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alipofika kumi na tano alifumba macho. Mimi nilisimama pembeni nikahesabu. Nilihesabu kwa sauti, polepole, kama nilivyofundishwa, mpaka thelathini. Alipomaliza aliniuliza, "Umeridhika, daktari?" Halafu akaenda kulala, na chakula cha mchana nilikula na mkamwana.

Alipokuja Bukoba, hakuja kwa ajili ya mguu. Dada yake alikuwa amezidiwa, akaja kumwona kwake Nyanga, na kwa kuwa ni hapohapo mjini akapita kazini kuniona, akiegemea fimbo. Madamu alimwona kutoka dirishani akivuka uwanja. Hakumjua. Alitazama hatua kama nne hivi, akaweka kalamu chini.

"Yule mama ni wa nani?"

"Ni shangazi yangu, madamu."

"Mwingize."

Alimlaza kwenye kitanda cha mwisho, akavuta pazia. Mimi nilibaki nje ya pazia na taulo mkononi. Nilisikia kila neno.

"Mama, unasema ni goti. Lakini nataka niguse hapa juu, kwenye nyonga, kisha niugeuze mguu kidogo. Unaniruhusu?"

"Gusa, mwanangu. Wewe si mwanamke mwenzangu?"

Kitanda kililia kidogo. Kisha shangazi akaugulia kwa Kihaya, "Ai, waitu," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Panauma wapi?"

"Gotini. Ukigeuza hapo juu, panauma gotini."

Basi. Muda wote huo haukufika dakika mbili. Madamu alisukuma pazia pembeni akatoka akiwa ananawa mikono hewani, jinsi afanyavyo anapofikiri.

"Goti la huyu mama halina kosa lolote," alisema. "Nyonga haigeuki kabisa. Mama, nani alikuwa anakutibu?"

Alikuwa anamtazama shangazi, hakuwa ananitazama mimi. Nilifungua mdomo. Nataka kuandika kwamba nilisema. Nilikunja taulo mara mbili, nikalikunjua.

"Nilikuwa najikanda mwenyewe tu," alisema shangazi, "na maji ya moto. Mambo yetu ya kijijini."

Alinitazama mara moja, akaanza kufunga kitenge.

Picha ya eksirei ilitoka siku hiyohiyo. Daktari aliishika kwenye mwanga wa dirisha akatuonyesha. Kichwa cha mfupa wa paja, ambacho kwenye michoro yangu yote nilikichora mviringo kwa bikari, kwa shangazi kilikuwa kimebonyea juu, kama mtu amekibonyeza kwa kidole gumba kingali kibichi. Alisema dawa ya hali hiyo ni upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia, Mwanza. Wakampima moyo kabla ya kumpa barua. Moyo ulikuwa umetanuka na kuchoka. Walimrudisha mara mbili kupimwa tena, na mara zote jibu lilikuwa lilelile: hautavumilia usingizi wa dawa. Wakampa vidonge na magongo mawili.

"Magongo mawili na miguu miwili, sasa nimekuwa ng'ombe," alisema tulipokuwa tunatoka getini. Hakuna aliyecheka, naye hakuwa anategemea.

Dada yake alifariki wiki ya tano baada ya hapo.

Nilifika Nyanga kabla ya saa nne asubuhi. Wanaume walikuwa wamekaa uani, wengine wanachimba kaburi kati ya migomba. Ndani nyasi zilikuwa zimetandazwa ukuta hadi ukuta, na wanawake wameshajaa. Nilisimama nje ya dirisha lililokuwa wazi, pamoja na binamu zangu, tukisubiri tuitwe kubeba kitu. Shangazi aliingia na magongo yake. Wanawake walimfungulia njia mpaka katikati, pembeni ya dada yake, pahali pake.

Aliwapa magongo. Wawili wakamshika kwapani. Akaanza kushuka.

Goti lilikunja. Nililiona kutoka dirishani likikunja vizuri, laini, nyuzi zake zote mia moja thelathini na moja. Lakini nyonga ilikataa. Mwili ulikwama katikati, akainama mbele, mkono ukatafuta nyasi bila kuzifikia, na akatoa ile sauti ndogo. Wakamwinua. Akasema wajaribu tena. Walijaribu kwa upande mwingine, mguu umenyooshwa, mwanamke wa tatu akiubeba kisigino. Mara ya tatu alikuwa anatetemeka, na mzee mmoja wa kike aliyekuwa karibu na kichwa cha marehemu akasema kwa Kihaya, kwa upole, kwamba inatosha.

Wakaleta kiti. Kiti cha plastiki, cha bluu, cha kukodi. Wakakiweka katikati ya wanawake, akakaa. Magoti yake yalikuwa sawa na mabega yao. Kila mtu aliyeingia kutoa pole alipiga magoti kwanza mbele yake, kwa sababu alionekana kama mgeni mkubwa aliyetoka mbali, kisha akageuka kuwatafuta wafiwa. Nilimwona akiinama kuwaambia, mmoja mmoja, kwamba yeye ndiye mdogo wake marehemu. Baadaye akachoka kuwaambia. Akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti, ili angalau nyayo ziguse nyasi.

Alikaa hivyo siku nne.

Siku ya mwisho, nilipomsaidia kutembea hadi kwenye gari la kurudi Nshamba, nilimwambia kwamba sikuwahi kuiangalia nyonga yake na niliandika kwamba ni nzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilisema hayo tu.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika kitenge."

"Lakini nilipaswa kukuambia kwa nini nataka kuiangalia."

"Ungeniambia." Alipumzika juu ya magongo. "Goti lako ni zuri, baba. Linakunja kuliko la msichana. Kama siku moja nitatakiwa kukaa kwa goti peke yake, nitakaa."

Nilimsaidia kupanda. Kiti cha mbele, mguu umenyooshwa.

Jumatatu nilimpelekea madamu daftari. Alisoma akiwa amesimama, kurasa zote, na alipofika kwenye "Kucha" alifumba macho kidogo. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza.

"Hapa. Uligusa?"

"Hapana, madamu."

"Kwa hiyo hili si kosa la kutojua."

"Hapana."

"Ni uongo. Umeuandika kwa mwandiko mzuri." Alinirudishia daftari. Nilimuuliza kama ni yale mazoezi ya kupanda jiwe mara thelathini yaliyoubonyeza mfupa. Nilitaka aseme hapana. Nadhani hata ndiyo ningeipokea. "Hilo hatujui," alisema, "na hatutajua. Huenda mfupa ungebonyea hata kama angekaa kitini. Huenda moyo wake mwaka jana ungeruhusu upasuaji. Tunachojua ni kwamba miezi tisa ilikuwepo na sasa haipo."

Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye kuhesabu, nikarudi kwenye taulo peke yake, na kwa miezi minne nilifua. Niliitoa ile karatasi ya miraba ukutani. Mstari ulikuwa bado unapanda.

Shangazi hali yake ni ileile, au chini kidogo. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto. Anatoka kitandani hadi ukumbini, na Jumapili jumuiya humfuata nyumbani kusali. Kwenye misiba ya majirani anamtuma mkamwana, ambaye hukaa chini kwa niaba yake. Mimi naenda bado Jumamosi ya pili, lakini sibebi rula. Namkata kucha kama mkamwana hayupo. Hatuzungumzi habari za mguu. Mara moja tu aliniuliza kama ikimfikia zamu yake mwenyewe, wale watakaomkalia chini watakuwa akina nani, maana ndugu hana tena. Nilimwambia mimi nitakaa. "Wewe ni mwanaume," alisema. "Utakaa nje."

Kilichobadilika ni hiki. Madamu ameniruhusu tena kupima, mbele yake. Mgonjwa akija na goti, naanza na nyonga. Nikiwa na mama au bibi namwambia kwanza ninataka kugusa wapi na kwa nini, na namwomba achague mtu wa kukaa naye. Akikataa, au nikiogopa mimi, namwita madamu. Na nafasi ya kumi nisipoigusa naandika: haijaangaliwa.